Kifafa cha watoto: dawa ipo tangu 1912, mbona watoto bado wanaanguka?

Mhudumu_Ngazi_ya_Chini (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka apite tu. Nipo kwenye tiba ya ngazi ya msingi, kule ambako bingwa wa mishipa ya fahamu tunamsikia kwa jina. Nataka tuongelee watoto wenye kifafa kwenye maeneo yasiyo na uwezo, kwa sababu kila mada hii ikiguswa watu wanakimbilia kudai mashine na mabingwa. Sipingi. Ila kwa ninavyoona mimi, mtoto hapotei kwa kukosa mashine. Anapotea kwa kukosa dawa ya mwezi wa pili.

Takwimu kidogo ili twende sawa. Shirika la Afya Duniani linasema kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa, na karibu 80% wako kwenye nchi za kipato cha chini na cha kati. Hadi 70% ya wagonjwa wangeweza kukaa bila kuanguka kabisa kama wangegunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi maskini robo tatu ya wanaohitaji tiba hawaipati. Na tiba yenyewe si ya kutisha: shirika hilohilo linakadiria inaweza kugharimu dola 5 tu za Marekani kwa mgonjwa kwa mwaka. Fenobabito, dawa ya kifafa, iliingia sokoni mwaka 1912. Dawa kongwe kuliko mabibi na mababu zetu wengi, na bado haijafika.

Tuanze na kugundua. Kifafa kinagunduliwa kwa maelezo. Mgonjwa akianguka mara mbili, kukiwa na zaidi ya saa 24 katikati, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo, hapo unaanza kufikiria kifafa. Kipimo cha EEG, yaani cha umeme wa ubongo, kinasaidia kujua ni kifafa cha aina gani, lakini kikitoka safi hakimaanishi mtoto hana kifafa. Kwa hiyo chombo cha kwanza ni masikio ya mhudumu na mdomo wa aliyeona. Namwuliza mama: alianza upande gani? Macho yalielekea wapi? Alijikojolea, alijiuma ulimi? Baada ya hapo alilala au aliendelea kucheza? Mama akiwa ameichukua tukio kwa simu, hata sekunde 20 zenye giza na kelele, hiyo video inanipa zaidi ya barua ya rufaa ya kurasa mbili. Mwambieni kila mzazi: ukishamlaza mtoto salama, mwenzio arekodi.

Cha pili ni kujua kisichokuwa kifafa. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 anayepata degedege kwa sababu ya homa tu, likaisha ndani ya dakika chache, huyo hahitaji dawa ya kila siku. Tafuta chanzo cha homa, hasa usikose malaria na homa ya uti wa mgongo. Nimeona kadi za watoto wa aina hii wakinyweshwa fenobabito mwaka mzima bure, wakati mwenye kifafa cha kweli kijiji cha pili hana hata kidonge.

Sasa kwenye kidonda chenyewe. Kadi iko mbele yangu, imeandikwa fenobabito mg 30, kimoja usiku. Mtoto alipoanza alikuwa na kilo 10, yaani alikuwa anapata mg 3 kwa kila kilo, dozi nzuri ya kuanzia. Leo nimempandisha kwenye mizani: kilo 15. Kidonge ni kilekile, kwa hiyo sasa anapata mg 2 kwa kilo. Kila aliyemwona katikati amenakili mstari wa juu yake. Mama anasema "dawa imezoea mwili, haifanyi kazi tena". Hapana mama, mtoto amekua, dawa haikukua naye. Mizani tu ingetosha.

Halafu kuna yule ambaye dawa imemwishia. Fenobabito haikatwi ghafla. Mtoto aliyekuwa ametulia miezi, akikosa siku chache anaweza kuingia kwenye degedege lisilokatika, na hilo linaua au linaacha ubongo na hasara. Maana yake kituo kinachoanzisha dawa bila uhakika wa kuiendeleza kinaweza kumwacha mtoto pabaya kuliko kilivyomkuta.

Kwamba ngazi ya msingi inaweza, si ndoto. Vijijini China kati ya 2000 na 2004 wahudumu wa kawaida walipewa mafunzo mafupi na fenobabito, wakaandikisha wagonjwa 2,455. Kati ya waliomaliza miezi 12, 68% kuanguka kulipungua kwa nusu au zaidi, na theluthi moja hawakuanguka kabisa. Shirika la Afya Duniani nalo likafanya mradi wa kupunguza pengo la tiba Ghana, Msumbiji, Myanmar na Vietnam. Kaskazini mwa Nigeria wahudumu wa afya ya jamii wamefundishwa kutibu kifafa cha watoto kwenye vituo vya msingi, ndani ya jaribio la kuwalinganisha na huduma ya madaktari.

Swali langu kwenu: mnyororo unakatikia wapi huko mliko? Karibuni.

---

Kaa_la_Moto

Mkuu tiririka, nimeshavuta kiti.

---

Mama_Pacha

Ahsante kaka kwa uzi. Mimi ni mzazi, si mtaalamu, naandika nilivyopitia.

Mwanangu wa kike hakuwa anaanguka. Alikuwa anaganda. Anaongea, katikati ya neno anakodoa, kope zinacheza, kama unahesabu moja hadi kumi, kisha anaendelea na sentensi kama hakuna kitu. Kwa siku mara nyingi sana. Shuleni wakasema mzembe, hasikilizi. Kituo cha kwanza tulichokwenda wakanipa dawa, sitakitaja, na hali ikazidi badala ya kupungua. Tukaja kubadilishiwa mahali pengine ndipo akatulia.

Lakini lililoniumiza zaidi ni lile unalosema la mwezi wa pili. Unafika, dirisha la dawa wanakwambia "imeisha, kanunue nje". Nje hawana, au wanayo ya watu wazima. Watoto wadogo wanahitaji ya maji, ambayo mimi sijawahi kuiona dukani kwa macho yangu. Nikawa nakata kidonge kwa kisu cha jikoni, nusu moja kubwa, nyingine unga. Hakuna aliyenielekeza namna ya kukata, wala aliyeniambia kwamba hata kukosa siku mbili ni jambo kubwa.

Na wakuu, safari. Kwenda na kurudi siku nzima, mtoto mwingine umemwacha kwa jirani, ili upewe vidonge vya wiki mbili. Wiki mbili! Ugonjwa wa miaka!

---

Mfamasia_Mstaafu

Mama Pacha, pole sana. Hilo la wiki mbili linanichoma kwa sababu tiba yake ni maamuzi ya ofisini, haihitaji hata senti. Mgonjwa aliyetulia apewe ya miezi mitatu, basi.

Niwaeleze kwa nini dirishani inakwisha, maana wengi wanadhani ni wizi tu. Wizi upo, ila kuna mambo mawili yanayouma kimyakimya.

Kwanza, fenobabito iko chini ya Mkataba wa Dawa Zinazoathiri Akili wa 1971, jedwali la nne. Nchi inahitaji vibali vya kuiingiza, kumbukumbu za kutunza, na ukaguzi. Kwa dawa ya bei ya chini namna hii, mwagizaji binafsi akiangalia karatasi anazojaza na faida anayopata, anaagiza kitu kingine.

La pili ni hesabu, na hapa ndipo nilipopigana miaka yangu yote ya kazi. Kituo kinaagiza kwa kuangalia kilichotumika kipindi kilichopita. Sasa dawa ikiwa iliisha kwa miezi miwili kati ya mitatu, kwenye fomu inaonekana imetumika kidogo. Fomu inasema mahitaji ni madogo, inaletwa kidogo, inaisha mapema zaidi, fomu inayofuata inasema mahitaji yamepungua tena. Ukiendelea hivyo unafika sifuri, na mkuu wa bohari anakuonyesha kwa ushahidi kabisa kwamba eneo lako halina kifafa.

Dawa ya kifafa iagizwe kwa kuhesabu vichwa. Fungua daftari, andika kila mtoto, uzito, dozi, zidisha kwa miezi, ongeza akiba. Na kama lazima utumie matumizi ya nyuma, toa zile siku ambazo rafu ilikuwa tupu kabla ya kugawanya.

Si hisia zangu tu. Zambia waliwahi kuzunguka kwenye maduka ya dawa wakakuta karibu nusu hayana dawa hata moja ya kifafa, na ya maji ya watoto hakuna kokote.

Kuhusu kukata: kidonge chenye alama katikati kinagawanyika mara mbili, si mara nne. Omba mfamasia akukatie, kifaa cha kukatia kipo. Na kabamazepini, dawa nyingine ya kifafa, ile ya kutoka polepole mwilini haisagwi kamwe.

---

Jicho_Kavu

Nitakuwa mbaya wa uzi huu. Mnataka mhudumu aliyesoma wiki moja aamue ubongo wa mtoto? Ni kumkabidhi fundi baiskeli injini ya ndege. Mama Pacha amewapa ushahidi hapo juu, kapewa dawa, hali ikazidi. Na hiyo fenobabito nchi tajiri haipo tena mstari wa mbele kwa watoto wakubwa, kwa sababu inawachangamsha kupita kiasi au inawazubaisha. Maskini ndiye anayestahili mabaki?

---

Mhudumu_Ngazi_ya_Chini

Jicho Kavu, nakushukuru, hoja yako ni ya msingi na sitaipaka mafuta.

Kisa cha Mama Pacha kwanza. Mama, sikumwona mwanao, kwa hiyo siwezi kusema ilikuwaje. Ila maelezo ya kuganda na kope kucheza yanafanana na kile kifafa cha kupotewa na fahamu kwa sekunde chache, na kwa aina hiyo kabamazepini na fenitoini huweza kuzidisha tatizo. Mhudumu wa msingi analazimika kulijua hilo kwa kichwa. Dawa zinazofaa hapo ni nyingine, kama ethosaksimidi au valproeti. Na valproeti nayo ina jambo lake: ni hatari sana kwa mimba, kwa hiyo kwa msichana anayekaribia kuvunja ungo iangaliwe mara mbili, na kama amekwishaanzishiwa asiiache ghafla, arudi aongee na daktari.

Kuhusu ubora wa fenobabito: West Bengal, India, walifanya jaribio kwa watoto wa vijijini, wengine fenobabito, wengine fenitoini, matokeo yakachapishwa 1998. Kwa tabia ya watoto, hawakuona fenobabito ikiwa mbaya zaidi. Hiyo haisemi haina madhara. Nimeona mtoto aliyegeuka mtundu wa kupanda kuta. Inasema tu kwamba usimnyime mtoto dawa iliyopo kwa kuogopa tabia, huku ukimwachia degedege lenyewe. Mtoto asiyetibiwa anaungua motoni, anazama majini, anaacha shule. Hayo nayo ni madhara.

Mabaki kwa maskini? Hapo niko nawe. Fenobabito iwe mlango wa kuingilia. Anayeshindwa nayo apate ya pili na ya tatu.

Nakubali pia mipaka. Kuna watoto ambao mhudumu wa msingi hapaswi kukaa nao hata siku moja. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka anayejikunja ghafla, mikono inafunguka, kichwa kinashuka, anarudia mfululizo hasa akiamka, na aliyekuwa anacheka ameacha kucheka. Wengi wanaambiwa ni tumbo. Hiyo ni rufaa ya leo, kwa sababu kila wiki inayopita akili inakwenda nayo, na dawa zake ni tofauti kabisa. Prednisoloni ya dozi kubwa ni mojawapo na haina bei ya kutisha. Wengine wa rufaa: anayepoteza alichokwishajifunza, mwenye udhaifu wa upande mmoja unaozidi, na aliyeshindwa na dawa mbili zilizotumika kwa dozi sahihi.

Mabingwa wenyewe, mkuu, hawatoshi. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za 2017 zilionyesha nchi za kipato cha chini zina wataalamu wa mfumo wa fahamu kama 0.1 kwa kila watu 100,000. Nchi tajiri 7.1. Ukimsubiri huyo wa 0.1, mtoto anakuwa mtu mzima kwenye foleni.

---

Jicho_Kavu

Umenipunguza kasi, hujanimaliza. Kubali basi kwamba mafunzo bila usimamizi ni picha ya pamoja na posho. Nani anakuja kumwangalia huyo mhudumu mwezi wa sita?

---

Mhudumu_Ngazi_ya_Chini

Hapo umepiga msumari. Kwa wengi hakuna anayekuja. Kinachosaidia, nilivyoona, ni bingwa mmoja kuwa nyuma ya vituo kadhaa kwa simu: tuma video, tuma picha ya kadi bila jina, upate jibu siku hiyohiyo. Akija kwa miguu mara chache kwa mwaka, asitazame kuta, afungue daftari la dawa na kadi za uzito.

Kwenye karatasi dunia imeshakubali. Mwaka 2022 nchi zilipitisha mpango wa 2022–2031 wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu: huduma za kifafa ziongezeke kwa 50% kulinganisha na 2021. Ila angalieni hesabu. Aliyekuwa anawafikia 20% akifika 30% ametimiza lengo, na watoto saba kati ya kumi bado wako nje.

---

Mwalimu_Chaki

Naomba kuuliza jambo la darasani. Mtoto akianguka, wenzake wanakimbia, mwalimu wa zamu anatafuta kijiko cha kumwekea mdomoni. Wengine wanaogopa povu kwamba linaambukiza. Na baada ya hapo anaambiwa akae nyumbani "mpaka apone". Tufanyeje?

---

Mhudumu_Ngazi_ya_Chini

Mwalimu, ahsante. Povu ni mate tu, haliambukizi. Kijiko kinavunja meno. Usimkandamize, usimnyweshe kitu. Ondoa vya kumwumiza karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu mate yatoke, na angalia saa. Zaidi ya dakika 5, au akirudia kabla hajapata fahamu, ni dharura: kama ameandikiwa diazepamu ya kuwekwa njia ya haja kubwa au midazolamu ya ndani ya shavu, na kuna aliyefundishwa, apewe, huku safari ya hospitali inaanza. Ikiisha mapema, mwache alale kidogo, kaa naye, na mjulishe mzazi.

Na asifukuzwe. Aliyetulia kwa dawa anasoma kama wengine. Kuogelea na kupanda miti ndiyo asifanye bila mtu wa kumwangalia.

---

Mpita_Njia

Mnazungumzia dawa tu, chanzo je? Na hawa wanaosema ni mapepo?

---

Mfamasia_Mstaafu

Chanzo ni vingi, na karibu robo ya visa vingezuilika kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani. Mtoto aliyechelewa kulia wakati wa kuzaliwa, homa ya uti wa mgongo, malaria ya kichwani, kuumia kichwa. Minyoo ya tegu wa nguruwe ikiingia ubongoni inachangia kama 30% ya kifafa kwenye maeneo yenye ugonjwa huo. Usubi, yaani upofu wa mtoni, nao umo: Mahenge, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari Louise Jilek-Aall aliandika kuhusu watoto wanaotikisa vichwa, na hali kama hiyo ikaja kuonekana kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, kunakopita mito yenye inzi weusi wanaoueneza. Kwa hiyo mkunga mzuri, chanjo, neti, choo, na dawa za usubi ni kinga ya kifafa hata kama hakuna anayeziita hivyo.

Mapepo: usigombane na mzazi. Mwombe aendelee na sala zake na dawa anywe pia. Waganga wa jadi ndio wanaowaona watoto hawa kwanza. Ukimdharau mmoja umefunga mlango wa kijiji kizima. Ukikaa naye mkakubaliana kwamba mwenye kuanguka zaidi ya dakika 5, au mwenye majeraha ya moto, anakuja kwako haraka, umepata mtoa rufaa.

---

Mama_Pacha

Swali la mwisho kutoka kwangu. Binti hajapata tukio kwa muda mrefu sasa. Ndugu wananiambia niache, nitamharibu ini.

---

Mhudumu_Ngazi_ya_Chini

Usiache mwenyewe, dada. Kwa kawaida tunasubiri miaka miwili bila tukio lolote, ndipo daktari anaangalia aina ya kifafa na kupunguza kidogokidogo kwa miezi. Wengine wanaacha salama, wengine hurudi wakalazimika kuendelea. Ini linafuatiliwa pale pale unapochukulia dawa. Ukiona macho ya njano, kutapika kusikoisha, kusinzia kusiko kwa kawaida, au upele na vidonda mdomoni, usisubiri tarehe, nenda siku hiyo.

---

Mfamasia_Mstaafu

Na ukienda, Mama Pacha, nenda vidonge vikiwa vimebaki vya wiki moja, visiwe vimekwisha. Beba kadi, sema uzito mpya uandikwe kabla ya dozi, na omba waandike jina la dawa na miligramu zake kwenye karatasi utakayobaki nayo wewe. Siku dirisha likiwa tupu, hiyo karatasi ndiyo itakayokuwezesha kupata dawa ileile kituo kingine.